Kaida Zinazobeba Maana na Kaida za Mazoea: Kuhusu Tahajia na Uakifishaji wa Kiingereza

  

Nawashukuru wenyeji wetu kwa kunialika, na nawashukuru ninyi mliotoka kazini moja kwa moja mkaja hapa badala ya kwenda nyumbani kupumzika. Nimewaona walimu walioingia na madaftari ya kusahihisha mikononi. Madaftari kama hayo ndiyo yaliyonifanya nichague mada hii.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba kanuni za kuandika Kiingereza, zile tunazozifundisha, tunazozitahini na tunazozitumia kuchagua nani aajiriwe, ni za aina mbili zilizochanganywa pamoja. Ziko zinazobeba maana: ukizivunja, msomaji anaelewa jambo jingine, na fedha au haki ya mtu inapotea. Ziko nyingine zilizobaki kwa mazoea tu, na wenye lugha yao hawajakubaliana juu yake hadi leo. Shule zetu na ofisi zetu huziadhibu zote kwa kalamu nyekundu ileile. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimeona vijana wenye akili timamu wakiamini kuwa hawana akili, eti kwa kuwa wameshindwa kukisia herufi ambayo haitamkwi.

Nitatoa hoja sita. Hazilingani kwa urefu, maana mambo yenyewe hayalingani kwa uzito.

Hoja ya kwanza: tahajia ya Kiingereza ni kumbukumbu ya historia

Chukueni herufi nne: o, u, g, h. Ndani ya "though" husomeka dho. Ndani ya "through" ni thruu. "Cough", yaani kikohozi, ni kof. "Rough" ni raf. "Bough", tawi la mti, ni bau. "Thought" ni thoot. Herufi zilezile, kwa mpangilio uleule, sauti sita. Mtoto aliyejua kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu amezoea kwamba herufi akishaijua haimgeuki. Akifika hapa anadhani tatizo liko kichwani mwake. Hakuna anayemwambia kuwa tatizo hili lina tarehe.

Tarehe ya kwanza ni 1066, Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza. Makarani waliofuata walikiandika Kiingereza kwa mazoea ya Kifaransa, na neno la malkia lililokuwa likiandikwa "cwen" likageuka "queen". Tarehe ya pili ni 1476, William Caxton alipofungua mtambo wa kupigia chapa huko Westminster. Caxton alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, na ile h ya "ghost" huhusishwa na watu wa chapa waliozoea tahajia ya Kiflemi. Kabla ya mtambo, kila karani aliandika kama alivyosikia katika sehemu yake. Chapa ilianza kuigandisha tahajia, na iliigandisha wakati mbaya, kwa sababu irabu za Kiingereza zilikuwa bado zinahama. Kati ya miaka ya 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu za lugha hiyo zilibadilika zote. Kabla ya hapo "name" ilitamkwa karibu na na-me, na "time" karibu na ti-me. K ya "knight" ilisikika, na gh yake pia ilisikika, karibu na kh ya Kiarabu.

Walimu, tafadhali lishikeni hilo. Mtoto wa Kwale au Bagamoyo anayeliona neno "name" akasoma na-me anasoma karibu kama alivyosoma mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Macho yake yameona sawasawa. Sauti ndiyo iliyohama, maandishi yakabaki.

Kisha wakaja wasomi waliokihusudu Kilatini. Waingereza walikuwa wakiandika "dette" kwa deni na "doute" kwa shaka, kama walivyoyapokea kutoka Kifaransa. Wasomi wakachomeka b katika yote mawili ili yafanane na maneno ya Kilatini yaliyo asili yake. Hakuna aliyeitamka b hiyo wakati huo, na hakuna anayeitamka leo. Neno "island", kisiwa, lina habari ya kusikitisha zaidi. Lilikuwa "iland", neno la Kiingereza cha asili. Likatiwa s kwa kudhaniwa kuwa ni ndugu wa "isle", neno lililotoka Kilatini kupitia Kifaransa. Hayana undugu wowote. S ile ilitiwa kwa makosa ya wasomi, na kila mwaka maelfu ya watoto wa pwani yetu, waliozaliwa visiwani, hupunguziwa alama kwa kutoiandika.

Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mwaka 1755, alizipa tahajia nyingi za aina hiyo heshima ya kitabu kikubwa. Mwaka 1828 Noah Webster alitoa kamusi ya Marekani, na Wamarekani wakamfuata katika "color" na "center". Alipopendekeza "tung" kwa ulimi na "wimmen" kwa wanawake hawakumfuata, ingawa tahajia hizo zilikuwa karibu zaidi na sauti. Kwa nini hili likubaliwe na lile likataliwe? Hakuna kanuni ya lugha inayojibu swali hilo. Watu walizoea, basi.

Hoja ya pili: kanuni nyingi ni maoni ya mtu mmoja yaliyozeeka

Hapa nitapita haraka. Wengi wetu tuliambiwa shuleni kwamba sentensi ya Kiingereza haimalizwi kwa kihusishi. Anayetajwa mara nyingi kuwa alilianzisha lawama hilo kwa maandishi ni mshairi John Dryden, mwaka 1672, alipokuwa akimkosoa Ben Jonson, mwandishi aliyekuwa amekwisha kufariki. Tuliambiwa "less" ni ya visivyohesabika na "fewer" ni ya vinavyohesabika. Mwandishi Robert Baker aliyaandika hayo mwaka 1770, na aliyaandika kama jambo analoliona yeye kuwa la kupendeza. Tuliambiwa tusichomeke neno kati ya "to" na kitenzi. Miongoni mwa waliolikemea jambo hilo ni Henry Alford, kiongozi wa kanisa kuu la Canterbury, mwaka 1864. Waandishi wazuri wa Kiingereza wamezivunja kanuni hizi zote kabla ya tarehe hizo na baada yake.

Kuna moja inayotugusa zaidi. Wanafunzi wetu huchanganya "he" na "she", kwa sababu Kiswahili hakimuulizi mtu jinsia yake kabla ya kusema anakuja. Kiingereza nacho kilihisi tangu zamani kukosa neno la namna hiyo, lisilouliza jinsia. Tangu karne ya 14 watu walitumia "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana ni mume au mke. Baadaye wanasarufi walilipinga tumizi hilo, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyosema kwamba katika sheria zake neno la kiume lihesabiwe kuwa linajumuisha wanawake. Leo tumizi la kale limerudi kwa nguvu, na wahariri wa magazeti makubwa wanalikubali. Mwalimu aliyelikata kwa wino mwekundu miaka 20 iliyopita hakuwa na hatia. Alifundisha alichopewa. Lakini aliyelisahihishiwa naye hakuwa amekosea.

Hoja ya tatu: ritifaa

Alama hii ndogo inayoning'inia juu ya mstari imewatesa wenye lugha yao kuliko inavyotutesa sisi. Iliingia Kiingereza katika karne ya 16 kutoka kwa wapiga chapa wa Ulaya bara, ikiwa na kazi moja: kuonyesha kwamba hapa pameondolewa herufi. Baadaye ilipewa kazi ya pili, ya kuonyesha umilikishi. Nayo ilitokana na ile ya kwanza, kwa sababu umilikishi wa kale ulimalizika kwa "es", e ikadondoka, alama ikakaa mahali pake. Kazi mbili kwa alama moja ndizo zilizozaa mgogoro wa "its" na "it's". Kanuni ya leo inataka umilikishi usiwe na alama, na ufupisho wa "it is" uwe nayo.

Lakini katika Katiba ya Marekani ya mwaka 1787, ibara ya kwanza, sehemu ya kumi, mnasoma "it's" palipokusudiwa umilikishi. Watu walioiandika hati ile walikuwa miongoni mwa waliosoma zaidi katika nchi yao. Leo kijana anayeandika hivyo katika barua ya kuomba kazi huwekwa kando kabla sifa zake hazijasomwa.

Aliyewahi kupanda treni za chini ya ardhi London kwa njia ya Piccadilly, akielekea magharibi, hupita kituo kiitwacho Earl's Court, chenye ritifaa. Kituo kinachofuata ni Barons Court, kisicho nayo. Majina mawili ya muundo mmoja, jirani kwa jirani, kwenye ramani ileile ukutani. Mgeni anayejifunza lugha akiuliza ni kwa nini, hawezi kupewa kanuni ya sarufi. Atapewa tu historia ya majina.

Huko Marekani, bodi ya serikali inayosimamia majina ya mahali imekuwa ikiondoa ritifaa za umilikishi tangu ilipoundwa mwaka 1890. Martha's Vineyard ni miongoni mwa majina machache mno yaliyoruhusiwa kubaki nayo. Mwaka 2009 halmashauri ya jiji la Birmingham iliacha kuiweka kwenye vibao vya mitaa. Mwaka 2012 kampuni ya maduka ya vitabu ya Waterstones iliitoa kwenye jina lake. Mwandishi wa habari mstaafu, John Richards, aliunda chama cha kuitetea alama hii mwaka 2001, na mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 96, alitangaza kukifunga, akiona kwamba ujinga na uvivu vimeshinda. Namheshimu mzee yule kwa mapenzi yake. Hata hivyo ninapotazama jiji zima la Uingereza likiishi bila alama hiyo na barua zikiendelea kufika nyumba sahihi, naona kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni mazoea.

Kwetu mambo ni tofauti kabisa, nami nawaomba wahariri wanisikilize hapa. Katika Kiswahili ritifaa ina kazi moja kubwa, nayo hubeba maana. "Ng'oa" ni kutoa kitu kilichopandwa au kilichokita. "Ngoa" bila alama ni wivu, au uchu. Siku hizi naona katika vitabu na magazeti "ngombe", "ngambo", "ngara". Wengine huiacha kwa haraka ya kuandika kwenye simu. Wengine huiacha kwa kuwa wamesikia kwamba Waingereza wenyewe wanaiacha. Tusichukue uzembe wa lugha nyingine tukautia katika alama ambayo kwetu ni sehemu ya herufi. Jambo hili halihitaji kamati. Ni mhariri kuamua leo jioni.

Hoja ya nne: koma inapofika mahakamani na sokoni

Nimesema mengi ya mazoea. Sasa nageukia upande wa pili, ambako naomba ukali wetu wote uelekezwe.

Katika jimbo la Maine, Marekani, iko sheria inayotaka mfanyakazi anayezidisha saa 40 kwa wiki alipwe mara moja na nusu kwa saa za ziada. Sheria hiyo ilitaja kazi zisizohusika na malipo hayo, zote zikiwa kazi za vyakula na mazao ya kilimo. Nitazitaja kwa Kiswahili kwa mpangilio uleule: kutia makoponi, kusindika, kuhifadhi, kugandisha, kukausha, kuuza, kuweka ghalani, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza.

Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walisambaza maziwa. Hawakufungasha chochote. Je, wamo katika orodha au hawamo? Kama "kusambaza" ni kazi ya pekee, wamo, na hawana haki ya malipo ya ziada. Kama "kusafirisha au kusambaza" yote mawili ni madhumuni ya kufungasha, basi anayehusika ni mfungashaji tu, na madereva wanadai. Koma moja kabla ya neno "au" ingemaliza shauri. Haikuwapo. Mwongozo wa waandishi wa sheria wa jimbo hilo uliwaelekeza wasiiweke.

Madereva walikuwa na dalili nyingine, nzuri sana. Kwa Kiingereza kazi zote katika orodha zilimalizika kwa "ing", lakini "shipment" na "distribution" zilikuwa nomino za umbo jingine. Wakasema kwamba maneno mawili ya umbo moja yanakaa pamoja, yote yakitegemea kufungasha. Mwezi Machi 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Boston iliamua kwamba sentensi ile ina utata, na kwa desturi ya jimbo utata katika sheria za kazi hufasiriwa kwa faida ya mfanyakazi. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Na bunge la jimbo likaiandika upya sheria, safari hii likitenganisha kila kazi kwa nukta mkato.

Watafsiri, rudini kwenye tafsiri niliyowapa muda mfupi uliopita. Umeonekana utata uleule? Umeongezeka. Kwa Kiswahili kazi zote zinaanza na "ku", kwa hiyo ile dalili ya maumbo iliyowasaidia madereva imefutika. Anayeandika mkataba kwa Kiswahili hawezi kuitegemea koma peke yake. Lazima arudie neno: "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kwa ajili ya kusambaza", au aseme "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha, na pia kazi ya kusambaza". Lugha yetu haioni aibu kurudia. Mawakili wanaoiga ufupi wa Kiingereza katika mikataba ya Kiswahili wanawaachia wateja wao mlango wazi.

Mfano wa pili ni wa huzuni, nao una uhusiano na upande wetu wa dunia. Roger Casement alikuwa balozi mdogo wa Uingereza katika nchi ya Kongo wakati Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipoimiliki. Mwaka 1903 alisafiri ndani kufuata mto, akasikiliza watu waliokatwa mikono na wa vijiji vilivyoteketezwa kwa ajili ya mpira, na taarifa yake iliyochapishwa mwaka 1904 iliutikisa ulimwengu. Baadaye Casement, ambaye alikuwa Mwairishi, alipigania uhuru wa Ireland. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Ujerumani kuwashawishi mateka wa Kiairishi wajiunge na jeshi la kupigana na Uingereza. Alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini mwaka 1916.

Sheria iliyotumika ni ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Kinormani. Inamtaja mtu anayeambatana na maadui wa mfalme katika ufalme wake, akiwapa msaada katika ufalme au mahali pengine. Mawakili wa Casement walisema kwamba mtu huyo lazima awe ndani ya ufalme, naye alikuwa Ujerumani. Upande wa mashtaka ulisema kwamba "au mahali pengine" yanahusu sentensi nzima. Ubishi ukawa juu ya pumziko la sentensi: linakaa wapi? Majaji walifikia hatua ya kuitazama hati yenyewe ya kale kuchunguza alama zake. Rufaa ilikataliwa. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916.

Imesemwa tangu wakati ule kwamba alinyongwa kwa koma. Usemi huo umetiwa chumvi, kwa sababu majaji waliegemea pia maandishi ya wanasheria wa karne zilizotangulia, waliokwisha kuifasiri sheria hiyo. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba alama za maandishi zilikuwa jambo dogo katika kesi ile.

Sasa njooni sokoni. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wafanyabiashara wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wananunua na kuuza Mombasa na Dar es Salaam kila siku, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Lakini sisi tulirithi alama za hesabu kutoka kwa Waingereza, wao walizirithi kutoka kwa Wabelgiji. Kwetu koma hutenganisha maelfu na nukta hutenganisha desimali. Kwao koma ndiyo ya desimali. Andikeni katika hati ya mzigo "tani 1,250". Karani wa Mombasa anasoma tani elfu moja mia mbili na hamsini. Karani wa Bukavu anaweza kusoma tani moja na robo. Wote wawili wamesoma sahihi kwa jinsi walivyofundishwa. Vivyo hivyo tarehe: 4/7 kwetu ni Julai, kwa Mmarekani ni Aprili, na dawa iliyoandikwa mwisho wa kutumika kwa namba hizo mbili inaweza kumezwa baada ya kuharibika, au kutupwa ikiwa bado nzuri.

Rwanda nako, mwaka 2008 serikali ilipoamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia badala ya Kifaransa, walimu walilazimika kubadili hata nafasi kati ya neno na alama ya kuuliza, kwa sababu Kifaransa huacha nafasi hapo na Kiingereza hakiachi. Hilo la nafasi ni mazoea. La koma katika tarakimu ni fedha. Sioni kwa nini mwanafunzi aadhibiwe sawa kwa yote mawili.

Hoja ya tano: maneno yanayogongana

Liko neno moja ambalo lingeweza kuua. "Inflammable" kwa Kiingereza ni kitu kinachoshika moto kwa urahisi. Lakini "in" mwanzoni mwa maneno mengi hukanusha, kwa hiyo mtu mwenye akili ya kawaida anaweza kudhani kuwa kitu hicho hakishiki moto. Kuanzia miaka ya 1920 watu wa usalama wa moto huko Marekani walihimiza litumike "flammable", neno fupi lisilo na utata. Leo maneno yote mawili yapo na maana yake ni moja. Kwenye mapipa na magari ya mafuta ya kwetu, hakuna haja ya kuchagua kati yao. Kiandikwe Kiswahili kwa herufi kubwa: hatari, hushika moto.

Wanaohudhuria mikutano ya kimataifa wajihadhari na kitenzi "table". Kwa Mwingereza, kukiweka kitu mezani ni kukileta kijadiliwe sasa. Kwa Mmarekani ni kukiahirisha. Winston Churchill aliandika kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa nchi hizo mbili walibishana kwa muda mrefu juu ya jambo ambalo wote walitaka lijadiliwe. Na wanaotafsiri vitabu vya zamani vya uchumi wakumbuke kwamba bilioni ya Uingereza ilikuwa milioni mara milioni, mpaka mwaka 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alipotangaza kwamba serikali itatumia bilioni ya Kimarekani, yaani milioni elfu moja.

Hoja ya sita: tunalopaswa kufanya sisi

Kiswahili kilipata bahati ambayo Kiingereza hakikuipata. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilisimamia tahajia wakati ambapo sauti zilikuwa zinajulikana, na ikazifuata. Ndiyo maana mtoto wa darasa la kwanza anaweza kulisoma gazeti la Kiswahili kwa sauti hata kabla ya kuielewa habari. Huo ni utajiri, na unatupa wajibu wa kumwonea huruma mtoto huyohuyo anapokutana na lugha isiyo nao.

Pendekezo langu la kwanza ni kwa walimu na watahini. Katika kusahihisha insha ya Kiingereza, makosa yanayobadili maana yatenganishwe na makosa ya mazoea, na yahesabiwe mbalimbali. Mwanafunzi aandikiwe pembeni: hapa umesema jambo ambalo hukulikusudia. Kwingine aandikiwe: hivi ndivyo wanavyoandika, zoea tu. Na anapofundishwa "debt" na "island" aambiwe habari ya b na ile ya s. Wanafunzi wakijua kwamba herufi ile ina historia huikumbuka vizuri zaidi, na huacha kujilaumu.

La pili ni kwa waajiri waliomo ukumbini. Msitupe barua kwa ajili ya "it's". Mkiajiri mhasibu, mpimeni kwa koma za tarakimu. Mkiajiri mwandishi wa mikataba, mpeni ile sentensi ya Maine muone ataifanya nini. Msomaji wa kwanza wa barua za maombi katika ofisi nyingi ni kijana aliyeambiwa kuchuja kwa makosa ya kuandika, kwa sababu kuchuja hivyo ni rahisi. Urahisi huo unawagharimu watu mnaowahitaji.

La tatu ni kubwa zaidi, na ndilo ninalolitamani kuliko yote. Afrika Mashariki ya leo inaandika Kiswahili kwa mazoea ya Kiingereza upande mmoja na ya Kifaransa upande mwingine: alama za kunukuu, tarakimu, tarehe, nafasi. Tunahitaji mwongozo mmoja mfupi wa uakifishaji wa Kiswahili kwa nchi zote za Jumuiya, unaoanza na mambo yanayogusa fedha, dawa na sheria. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar, na kazi kama hii inaifaa. Lakini haifai tuketi tukiingojea. Tarehe tunaweza kuanza kuziandika mwezi kwa jina, sio kwa namba. Maelfu tunaweza kuyatenga kwa nafasi, ili koma isimdanganye wa Bukavu wala wa Mombasa.

Mwenyekiti amekubali tukutane tena mwezi ujao katika ukumbi huu. Nawaomba kila mmoja aje na karatasi moja kutoka kazini kwake: mkataba, hati ya mzigo, cheti cha dawa, mtihani uliosahihishwa. Mawakili waje na zile ambazo zimewahi kuleta ubishi. Tutaziweka mezani, tuzisome sentensi kwa sentensi, na rasimu ya kwanza ya mwongozo huo tuitoe humo.

 Sasa naomba maswali, tuanze na walimu.